Sanduku la kete: shajara ya kazi, bamvua hadi bamvua

Kinachotengenezwa

Sanduku moja la kufundishia, jepesi, la kubebwa kwa mkono mmoja. Ndani yake magamba yasiyozidi 40 ya konokono wadogo wa baharini, ambayo mwanafunzi anayatoa na kuyapanga mwenyewe mezani mpaka aone gamba linavyojengwa, tangu likiwa jembamba kama ganda la yai hadi linapokuwa gumu kama kokoto.

Konokono ni wa aina mbili tu, tena ndugu wa karibu: *Monetaria annulus* na *Monetaria moneta*. Humu wa kwanza anaitwa kete wa pete, wa pili kete wa fedha. Hayo ni majina ya mradi, ya kutofautisha. Pwani wote ni kete, au simbi, au kauri, na asiyekuwa na haja ya kuwatenganisha hawatenganishi.

Pahali pa kazi ni pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye uwanda unaokauka kati ya ufuo na mwamba wa nje. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi, na uwanda hubaki wazi kwa saa chache. Kazi ya nje ni ya bamvua, kazi ya mezani ni ya maji mafu, siku za katikati ambapo maji hayajai wala hayapwi sana. Shajara imefuata mpango huohuo.

Sharti ni moja: kete hai haguswi ila kwa kutazamwa. Magamba yote ni ya waliokwisha kufa, yaliyotupwa na maji. Sharti hili ndilo lililoleta shida karibu zote zinazosimuliwa hapa chini, na halijabadilishwa.

Bamvua la 1: kuokota

Ruhusa kwanza. Sheha, kamati ya wavuvi ya kijiji, na Idara ya Uvuvi. Hata kwa gamba tupu, maana mtu wa mbali akiona watu wameinama na ndoo hajui wanaokota nini.

Vifaa: ndoo ya lita 5 yenye kifuniko, chekecheke lenye matundu ya milimita 5 hivi, mifuko midogo ya plastiki, penseli (si kalamu ya wino), vipande vya karatasi, viatu vya soli ngumu.

Mchanga mweupe safi hauna kitu. Magamba mepesi husombwa pamoja na majani ya bahari yaliyokatika, kwa hiyo pa kutafuta ni kwenye ule mstari mweusi wa majani makavu unaoachwa na maji makuu ya bamvua, hasa panapoishia kwenye jiwe au mzizi. Chukua majani fungu dogo, likung'ute juu ya chekecheke, geuza, kung'uta tena. Ukijaza chekecheke, magamba madogo hubaki katikati ya fungu na hurudi ufuoni pamoja na takataka.

Kila gamba linapita ukaguzi kabla ya kuingia ndooni. Tazama mdomo wake: ikionekana nyama, ni hai, lirudishwe majini palepale. Kete mzima hana kile kifuniko kigumu ambacho konokono wengi hufungia mlango, kwa hiyo nyama huonekana wazi kwenye ufa. Kisha liweke kwenye dimbwi la kina cha kiganja na usubiri dakika 10. Kuna kaa wadogo wanaohamia kwenye magamba matupu; akiwemo, miguu itatoka. Hilo nalo linaachwa. Nyumba yake ni nyumba yake, na gamba lenye kaa aghalabu limeshasuguliwa ndani kiasi cha kutofaa kwa kipimo cha uzito.

Kosa la siku ya kwanza: magamba ya sehemu mbili za ufuo yaliwekwa ndoo moja bila karatasi. Yote yakahesabiwa hayana mahali, yakatengwa kwa kukatwa na kutobolewa. Tangu hapo kila mfuko una karatasi yake ndani, si nje: jina la ufuo, mstari wa maji (wa jana au wa bamvua), tarehe. Wino ulioloa huchuja, penseli haichuji.

Karibu yote yalikuwa kete wa pete. Kete wa fedha walihesabika kwa vidole.

Maji mafu ya 1: kusafisha

Njia inayotumika sasa ni hii. Maji matamu, beseni pana, magamba yasirundikane. Yakae saa 24, maji yabadilishwe mara tatu. Chumvi isipotoka yote, gamba litavuta unyevu hewani maisha yake yote. Baada ya hapo mswaki laini kwa mgongo, na kijiti cha meno kwa ufa wa mdomo. Ukoko wa waridi wa mwani mgumu na vijineli vyeupe vya minyoo hubanduliwa kwa ncha ya kijiti cha mwanzi, taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati. Sindano ya chuma inachora.

Kausha kivulini siku tatu, mdomo ukiangalia chini. Usianike juani. Gamba lililotoka kwenye maji likapigwa na jua la saa sita hutokwa na nyufa nyembamba kama nywele kwenye ngozi yake ya juu, na nyufa hizo hazionekani mpaka vumbi liingie.

Siki haitumiki, wala ndimu, wala maji ya betri yanayosifiwa na wauza mapambo. Gamba ni kalisi kaboneti, na asidi yoyote huila. Jaribio lilifanywa juu ya kipande kilichovunjika: tone moja la siki, vipovu papo hapo, na lilipofutwa baada ya nusu dakika pakabaki doa lisilong'aa lenye umbo la tone. Doa hilo halirudi. Mng'ao wa kete si rangi iliyopakwa juu yake. Ni tabaka laini ambalo mnyama mwenyewe alilitandika, na mnyama hayupo.

Jiki haili kalisi kama siki inavyofanya, lakini nayo imeachwa. Inaondoa uchafu haraka, ila kwa magamba yenye mng'ao faida yake haizidi hatari ya kuyafubaza yakisahaulika humo. Vanishi ndiyo mbaya kuliko vyote: inalifanya gamba la ufuoni lifanane na gamba lililotoka majini leo, na sanduku hili halifichi tofauti hiyo.

Kuhusu kuoza: magamba machache yalikuwa na mabaki ya nyama ndani kabisa, kwenye mzunguko wa nyuma ambako kijiti hakifiki. Dawa ni maji na subira, kubadilisha maji kila siku mpaka harufu iishe. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Maldives katika miaka ya 1340, ameeleza watu wa huko wakiwafukia kete kwenye mashimo ufuoni mpaka nyama ipotee na kubaki gamba jeupe. Kwa biashara ya malaki ya magamba njia hiyo ilifaa. Kwa sanduku hili ina kasoro: nyama inayooza shimoni hutoa asidi, na mng'ao wa tumbo la gamba hupungua.

Bamvua la 2: kuwatazama hai

Hakuna kilichookotwa. Kazi ilikuwa picha, kila picha na rula ya plastiki pembeni.

Kete wa pete hupatikana kwenye vidimbwi vya mwamba na katikati ya mwani, mara nyingi kadhaa pamoja, na chini ya mawe. Anakula mwani. Jiwe likiinuliwa linarudishwa lilivyokuwa, uso uleule chini. Upande wa chini una sponji na mayai ya viumbe wengi visivyostahimili jua hata kidogo. Kete asiyesogea kabisa jiwe linapoinuliwa huenda ni jike aliyelalia mayai: ametulia juu ya fungu la vijifuko vidogo. Jiwe lishushwe mara moja, picha au bila picha.

Picha iliyofaa kuliko zote ni ya kete aliyevaa joho lake. Nyama hutoka pande mbili za mdomo, hupanda ubavuni na kukutana juu mgongoni, ya kijivu cheusi, imejaa vinyuzi vya nyama kama mwani mdogo. Gamba halionekani. Asiyemjua anapita. Gusa maji karibu naye, joho linarudi ndani polepole kutoka katikati ya mgongo, na gamba linatokea likiwa limelowa na linang'aa kama kikombe. Hapo jambo zima la sanduku linaeleweka: gamba la kete hujengwa kwa nje pia. Konokono wengi huongeza ukingo wa mlango tu. Huyu hutandika tabaka jipya juu ya mgongo mzima, na kwa kuwa mgongo umefunikwa, mwani na minyoo hawapati pa kushika.

Picha hiyo imewekwa kwenye kifuniko cha sanduku, kwa ndani.

Maji mafu ya 2: kutenganisha aina mbili

Kwa magamba mazima ni rahisi. Kete wa pete ana umbo la yai, ubavu laini, na pete ya rangi ya dhahabu au machungwa inayozunguka mgongo uliofifia. Kete wa fedha ana pembe: kingo zake zimevimba vinundu, hasa upande wa nyuma, kiasi kwamba ukimtazama kwa juu anakaribia umbo la pembesita. Rangi yake ni ya njano au ya maziwa, na pete akiwa nayo ni nyembamba, mara nyingi imekatika.

Shida ni magamba yaliyosuguliwa. Mchanga huanza na mgongo kwa sababu ndio uliojitokeza. Pete huondoka, njano huondoka, na chini yake hutokea rangi ya zambarau. Gamba la namna hiyo limewahi kuwekwa peke yake kama "aina ya tatu". Si aina ya tatu. Ni kete wa pete au wa fedha aliyemenyeka. Kwa hiyo rangi haitangulii tena kwenye kadi ya utambuzi na mpangilio ni huu: kwanza muhtasari wa gamba likitazamwa kwa juu, halafu vinundu vya kingo kwa kupapasa na kidole gumba, halafu pete kama ipo. Kidole kinajua kabla ya jicho. Gamba ambalo kwa njia hizo tatu halikukata shauri linaandikwa "*Monetaria* sp." na linabaki hivyo, wapo wa katikati kwa umbo, na kulazimisha jina ni kuharibu kadi.

Lebo: *Monetaria annulus* (Linnaeus, 1758). Mabano hayo si pambo. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimwita *Cypraea annulus*. Jenasi (kundi la aina ndugu) *Monetaria* iliundwa na Troschel mwaka 1863, na aina ikihamishiwa jenasi nyingine, mtunzi wa jina lake hufungwa kwenye mabano. Kwenye makabati ya zamani jina *Cypraea* bado limejaa, lisikubabaishe. Wala usiandike "annula" kwa kutaka kulifananisha na *Monetaria*: *annulus* ni nomino, maana yake pete, haibadiliki. *Moneta* nalo ni neno la Kilatini la fedha.

Maji mafu ya 2, inaendelea: safu ya ukuaji, na kosa kubwa la mradi

Trei A ina matundu 8, ya kuonyesha kete wa pete tangu utoto. Mara ya kwanza ilipangwa kwa urefu: milimita 11 mwanzoni, milimita 27 mwishoni. Ilipendeza. Ilikuwa uongo mtupu.

Kete hukua kwa kuzunguka kama konokono yeyote mpaka siku mdomo wa nje unapojikunja kuingia ndani. Siku hiyo urefu unakwisha. Ukingo ulio wazi ndio uliokuwa ukiongezwa, na ukingo umeshajifungia. Kuanzia hapo meno yanaota pande zote mbili za ufa, na nguvu yote huenda kwenye unene: kingo, tumbo, ubavu. Kwa hiyo gamba la milimita 13 laweza kuwa la mzee, na la milimita 22 laweza kuwa la mtoto ambaye hajaota jino. Ukubwa haukupi umri. Safu ikavunjwa.

Sasa inafuata mdomo:

Tundu la 1 na 2, mtoto. Gamba jembamba, mwanga unapita, mdomo mpana usio na meno, ukingo wa nje mkali, na zile duara za nyuma zinaonekana kama za konokono wa kawaida. Rangi ni michirizi hafifu, pete hakuna.

La 3 na 4, ukingo umeanza kujikunja, ufa umebana, meno hakuna au ni mawimbi tu.

La 5 na 6, meno kamili lakini ubavu bado mwembamba, pete inaanza.

La 7 na 8, kingo nene nyeupe, duara za nyuma zimezikwa, pete imekolea.

Makusudi, gamba la tundu la 8 ni fupi kuliko la tundu la 3. Mwanafunzi atayapanga kwa urefu, kama ilivyofanyika hapa, kisha ataligeuza la 8 na kuona meno. Hapo ndipo somo lilipo.

Vipimo. Kalipa ya dijitali ya milimita 0.01, mzani wa sonara wa gramu 0.01. Urefu ni kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, gamba likiwa limelala kifudifudi kwenye kioo. Upana ni pale palipo papana zaidi. Kwa kete wa fedha taya la kalipa huteleza juu ya kinundu, kwa hiyo zungusha kidogo huku na huku na uchukue namba kubwa. Kimo ni kutoka kioo hadi kilele cha mgongo. Kila kipimo mara tatu, watu wawili. Wakitofautiana zaidi ya milimita 0.2, kinarudiwa. Chembe ya mchanga kwenye taya inatosha kuharibu asubuhi nzima: funga kalipa na hakikisha inasoma sifuri kila baada ya magamba kumi.

Uzito peke yake hauna maana, maana gamba refu litakuwa zito tu. Kinachotumika ni uzito ukigawanywa kwa urefu mara upana mara kimo. Mfano: milimita 20 × 14.5 × 10 ni milimita za ujazo 2,900, yaani sentimita za ujazo 2.9. Uzito gramu 1.9. Gawanya, unapata 0.66. Gamba changa lenye urefu huohuo hutoa namba ndogo mno, hata macho yasipoona tofauti. Gamba moja lilitoa namba kubwa kupita yote. Lilipogongwa juu ya karatasi nyeupe likamwaga mchanga. Kugonga sasa ni hatua ya lazima kabla ya mzani.

Bamvua la 3: kutafuta watoto

Matundu 1 hadi 4 yalikuwa matupu. Sababu mbili. Gamba la mtoto ni jembamba na wimbi la mwambani hulisaga kabla halijafika ufuoni. Na lile linalofika hutupwa na mwokotaji, kwa kuwa halifanani na kete: halina meno, halina pete, na ukilitazama haraka utasema ni konokono mwingine kabisa.

Marudio yalifanywa kwa chekecheke la matundu ya milimita 2, kwenye majani makavu peke yake, upande wa uwanda uliokingwa na upepo. Kila gamba lenye mdomo mpana liliwekwa kwenye kichupa chenye pamba, si mfukoni. Lililobebwa mfukoni lilifika mezani vipande vinne.

Mengi yaliyopatikana yana tundu la duara mgongoni, dogo kama la pini: kazi ya konokono mla nyama au pweza. Yameingizwa kama yalivyo. Matundu 2, 3 na 4 yamejaa.

Maji mafu ya 3: kukata

Trei C inataka magamba matatu: moja lililopasuliwa kwa urefu, moja kwa upana, moja lililofunguliwa dirisha mgongoni. Msumeno wa sonara ulijaribiwa ukaachwa. Gamba huteleza, na ukuta wa ndani huvunjika meno ya msumeno yakiufikia. Kusaga ni polepole lakini ni salama.

Jaza gamba nta kwanza. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, ikachanganywa na unga wa mkaa kidogo iwe nyeusi. Gamba lipashwe kwenye maji ya vuguvugu na likaushwe kabla ya kumiminiwa, la sivyo joto la ghafla huipasua ngozi ya juu. Mimina kwa mdomo kidogo kidogo ukilitikisa, maana hewa hubaki kwenye duara za nyuma, na penye hewa ndipo patakapobomoka. Liache lipoe usiku kucha. Weusi wa nta una kazi ya pili: mkato ukikamilika, ukuta mweupe unasomeka kama mstari wa wino juu ya karatasi, kinyume chake.

Bandika msasa wa maji juu ya kioo. Anza na namba 120, gamba limeshikwa kwa donge la udongo wa kuchezea, sugua kwa umbo la nane, maji yasikauke. Ukibakiza milimita 1 kufika mstari wa penseli, hamia 240, kisha 400, malizia na 800. Kavu usisage hata dakika moja: vumbi lake ni baya kwa mapafu, na joto hulainisha nta. Gamba moja ni kama saa nzima ya mkono.

Mkato wa upana ndio uliotoa jibu zuri. Tumbo na kingo ni nene, imara. Mgongo ni mwembamba ajabu. Ukingo wa nje unaonekana umejikunja kama ukurasa, na katikati ya kitovu zimo duara za utotoni, zimezikwa zima zima. Gamba la kwanza lilivunjika hapo hasa, kwa sababu nta haikufika. La pili lilifaulu.

Maji mafu ya 4: uzi na kadi

Unene huo unaeleza kwa nini waliotunga kete kwenye uzi walitoboa mgongo. Magamba 10 yasiyo na lebo yalitumika. Kupiga kwa msumari hupasua gamba kwa urefu mara nyingi kuliko inavyotoboa. Kusugua mgongo juu ya jiwe la tumbawe lililolowa hufungua tundu safi; tupa ikimalizia, kingo hazikati uzi. Kete zikitungwa hivyo hulala tumbo nje, meno yakionekana, na kuzihesabu kwa kidole ni rahisi.

Kadi inayofuatana na uzi ina maneno machache. Kete wa fedha wa Maldives walisafirishwa kwa karne nyingi kwenda Bengal, na baadaye kwa meli za Ulaya hadi Afrika Magharibi, ambako walitumika kununulia vitu na watu pia. Kadi inasema watumwa, haizunguki. Huko pwani ya Dahomey (Benin ya leo) na kwa Wayoruba uzi ulihesabiwa kete 40, na nyuzi 50 zikafanya kichwa, yaani 2,000. Katikati ya karne ya 19 kampuni za Hamburg, O'Swald ikiwemo, zilipakia kete wa pete kutoka Unguja na pwani hii kwenda kulekule. Kete wa pete aghalabu ni mkubwa na mzito kuliko wa Maldives, na shehena hizo zilichangia kushusha thamani ya kete sokoni. Upande wa bara, Buganda ilitumia magamba yaliyotoka pwani. Hadi leo fedha kwa Kiganda ni *ensimbi*. Kwetu neno *kete* limebaki kwenye bao, kete 64 kwa mashimo 32, ingawa siku hizi ni mbegu za komwe. Na *kauri* limehamia kwenye vyombo vya chai, kwa mng'ao uleule.

Bamvua la 7: unga mweupe

Sanduku la kwanza lilikuwa la plaiwudi, kifuniko cha kioo kilichozibwa kwa silikoni ya fundi bomba. Baada ya wiki kadhaa likiwa limefungwa, magamba ya trei B, ile ya aina mbili zilizotenganishwa, yalitokwa na unga mweupe mgongoni, kama chumvi. Ukifuta, chini yake hapang'ai.

Wakusanyaji huuita ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza Loftus St. George Byne aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19 akidhani chanzo ni bakteria. Si ugonjwa. Mbao na plaiwudi hutoa mvuke wa asidi, hasa ya siki na ya fomiki. Silikoni ile inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi hiyohiyo kwa wingi zaidi. Mvuke ukifungiwa pamoja na unyevu wa pwani, hula kalisi kaboneti na kuacha chumvi za kalisi. Ni lile tone la siki la maji mafu ya kwanza, isipokuwa limekuja kwa hewa. Kizibo cha gome la mti (koki) kwenye vichupa kina tabia hiyohiyo, na kadi za karatasi ya bei rahisi nazo zimo kwenye kundi.

Hatua: magamba yote nje. Yenye unga yakaoshwa kwa maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (si maji makali ya betri, duka huuza yote mawili kwa chupa zinazofanana, soma chupa). Maji mara mbili, nusu saa kila mara, kisha kukausha siku tatu kivulini. Unga uliondoka. Mng'ao haukurudi, na magamba mawili yameachwa trei B hivyohivyo na lebo inayosema yalifanywa nini na lini.

Sanduku la sasa ni la plastiki, lile la chakula lenye mpira kwenye kifuniko na vibanio vinne, alama ya PP (plastiki ya polipropilini) chini yake. Trei ni povu la plastiki lililokatwa matundu kwa bomba la chuma lililonolewa; hakuna gundi. Vichupa ni vya kioo na vifuniko vya plastiki. Vifuko viwili vya silika ya kunyonya unyevu, vya kukaushwa kila vinapobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo pembeni: kikipita asilimia 60, silika imechoka. Gamba moja lililovunjika limewekwa wazi pembeni bila lebo ya aina, la kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia kila mwezi. Likianza kupoteza mng'ao, yote yanatolewa siku hiyo.

Hali ilivyo sasa

Trei B, C na uzi zimekamilika. Trei A ina saba kati ya nane. Tundu la 1 bado tupu: kila gamba changa jingine lililofika mezani lilikuwa limeshaanza kukaza ukingo, au limepasuka. Magamba ya dukani yaliyoletwa kama zawadi yamekataliwa, mawili mazuri sana yakiwemo, kwa kuwa hakuna ajuaye yametoka bahari gani. Lebo ya tundu la 1 imeshaandikwa kwa penseli, imebaki mahali na tarehe.

Bamvua lijalo, chekecheke la milimita 2, majani ya upande uliokingwa, na vichupa viwili vyenye pamba badala ya kimoja.